Hodi Isiyokoma

Mhariri alitutaka tuandike juu ya lugha, nasi tunamletea sumu. Asikasirike. Muhula huu mikutano yetu ya Alhamisi hapa Edinburgh imeacha mashairi na methali ikaangukia mahali ambapo hakuna aliyepatarajia, yaani kwenye dawa ya kupiga nyanya. Na kila tulipotaka kuirudisha kwenye lugha, tulikuta kwamba hatukuwa tumeondoka.

Tuanze na neno lenyewe. Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, hasemi kwamba amenyunyiza kiuatilifu. Anasema amepiga dawa. Mtoto akiumwa kichwa hupewa dawa. Mende wakizidi jikoni hununuliwa dawa. Meno yana dawa yake, viatu vina dawa yake, na aliyerogwa hutafutiwa dawa yake. Wapo waliosema mkutanoni kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili. Hatukubali. Wagiriki wa kale, ambao hakuna anayewaita watu wa lugha pungufu, nao walikuwa na neno moja, pharmakon, kwa tiba na kwa sumu. Lakini kukubali kwamba neno ni zuri si kusema kwamba halina hatari, na hatari yake tuliiona mwezi wa Februari.

Mjomba wa mwenzetu mmoja alipiga dawa shambani tangu asubuhi hadi alasiri. Bomba la mgongoni lilikuwa linavuja, na shati lilikuwa limeloa mgongo mzima. Jioni alilalamika kichwa, kisha tumbo. Akatapika. Jasho likamtoka kama aliyemwagiwa ndoo ya maji, mate yakawa hayamezeki, akaharisha, na kifua kikaanza kukoroma. Nyumbani walidhani ni malaria, maana kwetu karibu kila ugonjwa huanza kwa kuitwa malaria. Wakamkimbiza kituo cha afya. Muuguzi akauliza, "Ametumia dawa yoyote?" Mkewe akajibu kweli tupu: "Amemeza mbili za maumivu, saa kumi na mbili." Swali lilikuwa sahihi na jibu lilikuwa sahihi, na kati yake nusu saa ikapotea.

Aliyegeuza mambo ni tabibu wa zamu. Alimulika macho ya mgonjwa akakuta mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kisha akanusa shati. Lilikuwa na harufu ya kitunguu saumu kilichochanganywa na mafuta ya taa, na mgonjwa bado alikuwa amelivaa, kwa hiyo sumu ilikuwa ingali inaingia mwilini kupitia ngozi huku watu wakimpepea. Akaamuru avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na atropini ianze kupita kwenye mshipa.

Kwa nini macho? Kwa nini mate, jasho, tumbo na kifua vyote kwa mara moja, kana kwamba mwili umefunguliwa mabomba yake yote? Hilo ndilo swali lililotukalisha Alhamisi tatu mfululizo, pamoja na wenzetu wanaosoma historia na uchumi ambao hawakuwahi kuipenda kemia hata siku moja.

Mwenzetu anayesomea famasia, binti wa Mombasa, alichora ubaoni. Neva, alisema, haimgusi jirani yake. Kati yao kuna mwanya mdogo mno. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita wataalamu walikuwa wakibishana ikiwa ujumbe huruka mwanya huo kama cheche ya umeme au hupita kwa kemikali. Mwaka 1921, huko Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ikidunda ndani ya maji ya chumvi. Akaisisimua neva inayopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, ukapungua. Akachota yale maji yaliyouzunguka, akauwekea moyo wa pili ambao neva yake haikuguswa. Nao ukapungua. Kitu fulani kilikuwa kimemwagika majini. Loewi mwenyewe alisimulia kwamba jaribio hilo alilipata ndotoni, akaamka akaandika kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku wa pili ndoto ikarudi, na safari hii hakusubiri kuche, alikwenda maabara saa tisa usiku. (Wanachama wanaoandika insha zao saa hizo wajipe moyo.) Kitu chenyewe kilikuja kujulikana kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale wakagawana Tuzo ya Nobel.

Maelezo yalikuwa mazuri lakini nusu yetu tulibaki nje, mpaka Mwalimu, aliyekuwa amenyamaza kwenye kona yake, akauliza, "Kwa hiyo ni kama hodi?"

Ni kama hodi hasa. Ujumbe ukifika ncha ya neva, neva inamwaga asetilikolini mwanyani. Inavuka, inabisha mlango wa upande wa pili. Msuli unajikunja, au tezi inatoa mate, au moyo unapunguza mwendo. Lakini hodi ikishaitikiwa lazima ikome. Anayebisha akiendelea kubisha baada ya kukaribishwa, huyo si mgeni tena. Ndiyo maana mwanyani kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja asetilikolini papo hapo. Chembe moja ya kimeng'enya hicho huvunja maelfu ya chembe za asetilikolini kwa sekunde moja. Kimya kinachofuata ni sehemu ya ujumbe sawasawa na ile hodi.

Dawa nyingi za wadudu, zile za jamii ya oganofosfati, hukishika kimeng'enya hicho na kukifunga mikono. Wadudu nao wanatumia asetilikolini, na hapo ndipo sumu inapowapata. Bahati mbaya sisi na wao tumerithi hodi moja. Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya wadudu mwaka 1936 alipounda kitu kilichomfanya yeye mwenyewe aone giza na kukosa pumzi. Kilikuwa tabuni, na jeshi la nchi yake likakichukua. Sarini ikafuata. Kati ya mkebe wa mkulima na silaha hiyo tofauti ni ya ukali. Jinsi zinavyofanya kazi mwilini ni ileile.

Sasa rudi kwa mjomba. Kimeng'enya kimefungwa, hodi haikomi. Milango inayobishwa ni ya aina mbili, na majina yake yanafurahisha: mmoja umeitwa kwa muskarini, sumu ya uyoga, na mwingine kwa nikotini ya tumbaku, kwa sababu vitu hivyo viwili ndivyo vilivyowasaidia wataalamu kuitofautisha. Milango ya muskarini iko kwenye tezi, utumbo, kibofu, moyo, njia za hewa na ule msuli mdogo unaokaza mboni. Ikibishwa bila kikomo, mate, machozi na jasho vinamwagika, tumbo linasokota, mkojo unatoka wenyewe, moyo unakwenda polepole, na mapafu yanajaa maji ya mwili wenyewe mpaka mtu anazama akiwa kitandani. Mboni zinakaza zikabaki tundu. Asubuhi ya tarehe 20 Machi 1995 sarini ilipoachiwa ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, wengi wa waliotoka nje walisema kwamba dunia imekuwa na giza. Jua lilikuwapo, dirisha la jicho ndilo lililokuwa limefungwa.

Milango ya nikotini iko kwenye misuli ya kutembea, ya shingo na ya kupumua. Huko mambo ni mabaya kwa namna nyingine. Kwanza misuli inachezacheza chini ya ngozi kama vile kuna funza ndani. Kisha inalegea. Tulidhani msuli unaobishiwa sana ungekaza tu, lakini sivyo: msuli unahitaji ule mwanya wa kimya ili ujipange upya. Usipoupata, unaacha kuitika. Na kiwambo, msuli unaovuta pumzi, ni mmoja wao.

Atropini haikifungui kimeng'enya. Inachofanya ni kuziba masikio ya milango ya muskarini, ili hodi iendelee lakini isisikike. Kwa hiyo kifua kinakauka na moyo unarudi kwenye mwendo. Lakini masikio ya milango ya nikotini haiyagusi kabisa. Kuna dawa nyingine, pralidoksimu, iliyokusudiwa kuiondoa sumu kwenye kimeng'enya kabla kifungo hakijakauka. Madaktari wamebishana sana juu ya faida yake, na mahali pengi haipatikani.

Simu ilikuja usiku wa pili, saa nane kwetu, saa kumi na moja alfajiri kwao. Tulikuwa watano jikoni kwenye nyumba ya wanafunzi. Mwenzetu akaweka simu mezani ili wote tusikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjomba wako jasho limekauka, kifua kimetulia. Lakini hii dawa inamtia wazimu. Macho yametoka, mdomo umekauka, anaongea na marehemu baba yake. Anachuma nyanya hewani. Ndugu wanasema tumtoe, tumpeleke nyumbani. Wewe uliyesoma unasemaje?"

Aliyesoma anasoma uchumi. Alimtazama binti wa famasia, naye akaanza kwa lugha ya darasani, akakatiza mwenyewe kabla hatujamkatiza. Tatizo lilikuwa lilelile: kwenye sentensi moja "dawa" ilikuwa sumu ya shambani, na kwenye sentensi inayofuata ilikuwa tiba. Ndugu mmoja tulimsikia nyuma akisema, "Si dawa hiyohiyo iliyomwangusha, sasa wanamwongeza?" Kwa alivyosikia yeye, alikuwa na haki kabisa.

Basi mwenzetu akasema hivi, na tunayaandika kwa sababu tunadhani ni Kiswahili bora kuliko chote kilichosemwa na chama hiki mwaka huu: "Mama, ile sumu ya shambani imeingia mwilini inabisha hodi kila mlango, haikomi. Hospitali wameziba masikio ya mlango wa kifua ili asizame. Huko kuweweseka ni masikio kuzibwa kidogo kupita kiasi. Muite daktari aone, yeye atapunguza kidogo kidogo. Lakini anayebisha bado yuko nje. Mkimtoa leo, ataingia."

Kimya kirefu. Kisha: "Bado yuko nje?"

"Bado yuko, mama."

Wakamwita daktari, naye akapunguza kipimo. Kuchuma hewani ni dalili inayojulikana ya atropini iliyozidi, na mwenye kuitoa huangalia kifua na mapigo ya moyo zaidi kuliko mboni, kwa kuwa mboni zinaweza kudanganya. Mjomba hakutolewa. Siku ya tatu, akiwa na akili timamu na akiomba uji, alishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Shingo haikuwa na nguvu. Hali hiyo huwapata baadhi ya wagonjwa kati ya siku ya kwanza na ya nne, pale ambapo kila mtu ameshaanza kushukuru, na kinachofuata shingo ni pumzi. Alihamishiwa hospitali ya rufaa, mashine ikampumulia kwa siku tisa. Angekuwa nyumbani, kilomita nyingi kutoka kwenye mashine yoyote, tusingekuwa na haja ya kuandika juu ya hodi.

Tumegundua pia kwamba mji huu tunaoulalamikia kwa baridi umo ndani ya hadithi hii. Huko Calabar, nchi ambayo leo ni Nigeria, Waefiki walikuwa na mbegu waliyoiita esere, iliyotumiwa kuwahukumu watuhumiwa: anayetapika hana hatia, anayekufa alikuwa nayo. Wamisionari wa Kiskoti wakaileta hapa. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh, akaila mwenyewe kuona itakuwaje, na alipoona mwili unamlegea akanywa maji yake ya kunyolea ndevu ili atapike. Mwaka 1863 Douglas Argyll Robertson, daktari wa macho wa mjini hapa, akaonyesha kwamba mbegu hiyo hukaza mboni. Mwaka uliofuata Kleinwächter wa Prague akaitumia kumtibu mtu aliyekunywa atropini. Maana mbegu ya esere hukifunga kile kimeng'enya kama dawa ya nyanya, ila kwa kifungo kinachofunguka chenyewe. Sumu mbili zinazovutana kwenye kamba moja.

Anayetupendeza zaidi katika mlolongo huu ni Mary Walker, aliyesomea udaktari hapa, akafanya kazi kwenye hospitali ya maskini Greenwich. Mwaka 1934 alikuwa na mgonjwa ambaye misuli yake ilichoka hata kope zikashindwa kuinuka. Walker aliona kwamba dalili zinafanana na za sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini iitwayo kurare, ambayo huziba milango ya misuli. Akawaza: kinachoiondoa kurare kinaweza kumsaidia huyu. Akamchoma fizostigmini, yaani kiini cha mbegu ya esere, na kope zikainuka kwa saa chache. Mbegu ya kuhukumia ikawa tiba, na leo dawa za ukoo wake bado zinatolewa kwa wagonjwa hao.

Mwenzetu wa Kampala naye alileta upande wa pili wa kamba. Mwaka 1919 tulisikia kwanza. Hapana, alisahihishwa na wenzake, ni 2019, watu wa Karamoja waliugua baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Karibu watu 300 waliugua na watano wakafa. Midomo mikavu, mboni zimetanuka, wanaweweseka. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga atropini na skopolamini, kemikali zilizomo kwenye mnanaha, gugu linaloota mashambani na ambalo mbegu zake huweza kuvunwa pamoja na soya. Ukiijua hodi, unaweza kusoma wagonjwa wa Karamoja na mjomba wa Ilula kama kurasa mbili za karatasi moja: huku kila kitu kimelowa, kule kila kitu kimekauka, huku mboni tundu la sindano, kule mboni sahani.

Tangu Machi tumekuwa tukirekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne kwa kikundi cha wakulima anakotoka mwenzetu. Kazi ya dakika nne imetuchukua wiki sita. Tulitaka kusema "mshipa wa fahamu", lakini mwenzetu wa Tanga alituonya kwamba kwao ukisema mshipa tu watu watafikiri ngiri, na kicheko kitaua somo. Tumebaki na "neva", na mara moja tu tunaieleza. Kwa mate ya kutiririka, wa Unguja walitaka "udenda", wa bara hawakuukubali, tukaweka yote mawili. Tumeweka kwamba aliyelowa avuliwe nguo na aoshwe kabla ya kitu kingine, na anayemwosha asishike nguo hizo kwa mikono mitupu. Tumeweka kwamba mkebe uende hospitali pamoja na mgonjwa, au picha ya lebo yake, na kwamba sumu isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Juu ya neno "dawa" tulipiga kura. "Kiuatilifu" kilipata kura mbili, zote za wahadhiri. Tulichokubaliana ni kwamba mtu akifika hospitali aseme "amepiga dawa shambani", si "ametumia dawa", na kwamba manesi tunaowafahamu tuwaombe waulize vivyo hivyo. Mjomba ameusikiliza. Anasema msimu huu bomba limebebwa na mwanawe, na glavu tulizochangia zimefika.

Alhamisi ijayo ni zamu ya mwenzetu wa Lamu, naye anatuletea bunju. Sumu ya samaki huyo haigusi mwanya wala kimeng'enya. Huziba njia ambazo ujumbe hupita ndani ya neva yenyewe, kwa hiyo hodi haifiki mlangoni kabisa. Midomo inakufa ganzi, miguu inafuata, pumzi inafuata, na mara nyingi mtu anasikia kila kinachosemwa juu yake. Haina dawa ya kuivunja. Mgonjwa hupumuliwa mpaka sumu itoke. Kwa mkutano huo tunatafuta neno la kile kilicho mlangoni, kinachoisikia hodi. Vitabu vya shule husema "kipokezi", na wengi wetu halituingii. Mwenye neno jingine aje nalo.